Punda mmoja, wapanda wanne: kubadilisha rangi za picha ya pikseli kwa Paint

Kila mfunguo sita ukikaribia, vijana hapa Lamu huanza kunijia na maswali yale yale. Mmoja anaunda mchezo mdogo wa kompyuta wa mbio za punda, kama zile za Maulidi pale ufukoni. Mwingine ameshachora punda wake mzuri na mpanda mwenye shati jekundu, sasa anataka wapinzani watatu na hana nguvu ya kuchora tena. "Ami, shati nimelibadilisha lakini limebaki na madoadoa." "Ami, nimemwaga rangi kidogo tu, mbona picha nzima imekuwa buluu?" Nimejibu kwa mdomo mpaka koo limekauka. Sasa nimeyaandika, na atakayeuliza tena nitamwambia asome kwanza.

Jambo lenyewe si geni. Kwenye mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, mawingu ya juu na vichaka vya chini ni umbo moja lililopakwa rangi mbili tofauti. Kwenye Mortal Kombat ya 1992, Scorpion na Sub-Zero walikuwa mtu mmoja mwenye nguo ya manjano kwa huyu na ya buluu kwa yule. Waliofanya hivyo walikuwa wanabana nafasi ya kumbukumbu ya mashine. Wewe unabana muda wako, na hilo si aibu.

Kabla hujaanza

Hakikisha una vitu hivi:

- Kompyuta yenye Paint, ile programu ya kuchora inayokuja na Windows. Ninayoieleza hapa ni ile ya Windows 7 na Windows 10, ambayo ndiyo iko kwenye mashine nyingi za saiba. Kwenye Windows 11 vitufe vimehamishwa, lakini sehemu kubwa ya kazi ni ile ile.
- Kipanya chenye kitufe cha kulia kinachofanya kazi. Kijaribu kabla hujalipia muda wako. Kwenye pedi ya laptopu kazi hii inawezekana, ila vidole vitakuuma.
- Picha yenyewe ikiwa faili ya PNG au BMP. Isiwe JPG. Nitaeleza sababu huko chini, lakini hili usilipuuze, maana nusu ya malalamiko ninayopokea chanzo chake ni hapa.
- Daftari na kalamu. Ndiyo, kalamu ya wino.
- Picha iwe yako, au mwenyewe amekuruhusu kuibadilisha.

Kwa mfano wetu nitatumia punda wa pikseli 32 kwa 32 (pikseli ni vile viraba vidogo vya rangi vinavyounda picha), amepandwa na kijana wa shati jekundu. Tutamgeuza huyo kijana avae buluu, kisha manjano, kisha kanzu nyeupe. Punda mwenyewe tutamgusa mwishoni.

Hatua

1. Tengeneza nakala. Fungua picha, kisha hapo hapo, kabla ya kugusa rangi yoyote, ihifadhi kwa jina jingine: nenda kwenye faili, bofya Save as, chagua PNG, andika punda-buluu. Mimi niliwahi kufanya kazi ya jioni nzima juu ya faili ya asili, nikabonyeza Ctrl na S kwa mazoea, nikafunga. Punda wa kwanza akapotea kabisa, na ikabidi nimkisie upya. Hifadhi pia kila baada ya rangi moja, maana stima ikikatika haitakuuliza umefika wapi.

2. Ikuze picha. Bonyeza Ctrl na Page Up mara kadhaa mpaka ufike asilimia 800, kisha Ctrl na G ili mistari ya gridi ionekane. Mistari hiyo ni ya kukusaidia macho tu, haiingii kwenye picha. Sasa kila pikseli ni mraba unaoweza kuugusa, kama ukili mmoja katika mkeka.

3. Zihesabu rangi na uziandike. Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote. Chukua kile kidude chenye umbo la kidondoshea dawa ya macho, gusa pikseli moja ya shati, na rangi yake itaingia kwenye kisanduku cha Color 1. Bofya Edit colors. Kwenye dirisha litakalofunguka, chini kulia, utaona namba tatu: Red, Green na Blue, kila moja ni kati ya 0 na 255. Ziandike daftarini. Rudia kwa kila rangi unayoiona tofauti.

Kwenye picha yangu rangi zinazotuhusu ni saba tu:

- Shati, sehemu ya mwanga: 232, 88, 72
- Shati, katikati: 184, 40, 48
- Shati, kivuli: 112, 16, 40
- Punda, mwanga: 168, 168, 160
- Punda, katikati: 120, 116, 112
- Punda, kivuli: 72, 68, 72
- Mstari wa nje, na nywele za kijana: 24, 20, 28

Nimeacha ngozi ya kijana kwa sababu hatuigusi, lakini wewe iandike. Na tazama jambo moja: hatamu ya punda imechorwa kwa rangi ile ile ya kivuli cha shati, 112, 16, 40. Mchoraji alibana rangi. Weka alama ya nyota hapo daftarini, litatusumbua baadaye.

4. Chagua rangi mpya, na usichague moja. Hapa ndipo pa kukaa. Anayeanza huchukua buluu moja anayoipenda, akaimwaga kwenye shati lote, na shati linakuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa kifuani. Mikunjo imekwenda, bega limekwenda. Shati lilikuwa na rangi tatu, na jipya nalo linataka tatu, kwa mpangilio ule ule: iliyong'aa ibaki ndiyo inayong'aa, ya kivuli ibaki ndiyo ya giza kuliko zote.

Kwa buluu mimi hutumia hizi:

- Mwanga: 88, 168, 232
- Katikati: 40, 104, 184
- Kivuli: 24, 48, 112

Angalia ile ya kivuli. Sikuchukua buluu ya mwanga na kuichanganya na nyeusi. Ukiangalia matanga ya mashua yaliyokunjwa pale forodhani saa kumi jioni, upande wa jua una umanjano kidogo na upande wa kivuli unaelekea ubuluu na zambarau. Fuata hivyo hivyo: mwanga uusogeze kidogo kuelekea joto, kivuli ukisogeze kuelekea baridi. Kwenye buluu tofauti ni ndogo. Kwenye manjano ni balaa.

Manjano ukiitia nyeusi inakuwa kijani cha maji ya mtaro. Nimeona mashati mengi ya aina hiyo. Manjano haifuati ile kanuni ya baridi: kivuli chake kipeleke kwenye rangi ya chungwa kisha kahawia: 248, 216, 88 kwa mwanga, 216, 152, 40 katikati, na 144, 80, 32 kwa kivuli. Kwenye daftari namba hizo zinaonekana si za familia moja, lakini ukizipaka utaona shati limekaa.

Kanzu nyeupe nayo ina siri yake. Usitumie nyeupe tupu, 255 mara tatu, kwa sababu kwenye picha nyingi hiyo ndiyo rangi ya nyuma, na zikigusana hutazitenganisha tena. Tumia 248, 248, 240 kwa mwanga, 200, 208, 224 katikati, 136, 144, 184 kwenye mikunjo. Jicho litaona nyeupe, na Paint itaona rangi mbili tofauti. Umbo ni la shati, najua, na kanzu haiishii kiunoni. Ongeza pikseli chache za penseli juu ya mapaja kama inakukera.

5. Weka vibandiko vya rangi pembeni ya picha. Rangi ulizozitengeneza kwenye Edit colors zinapotea ukifunga Paint. Kwa hiyo vuta ukingo wa kulia wa turubai, yaani uwanja wa kuchorea, ili upate nafasi tupu, na kwa penseli chora hapo vijisanduku: safu ya juu rangi tatu za zamani, safu ya chini rangi tatu mpya, kila mpya chini ya ile inayoichukulia nafasi. Kuanzia hapa huandiki namba tena, unanyonya tu rangi kwa kidondoshea kutoka kwenye vibandiko. Mikono yako itakushukuru kufikia mpanda wa tatu.

6. Badilisha rangi ya kwanza kwa raba. Watu hushangaa nikiwaambia raba. Raba ya Paint ukiiburuta kwa kitufe cha kushoto inafuta kila kitu. Ukiiburuta kwa kitufe cha kulia, inatafuta pikseli zenye rangi ya Color 1 peke yake na kuzigeuza ziwe Color 2. Nyingine zote inazipita kama hazipo.

Fanya hivi:

- Chukua kidondoshea. Kwa kitufe cha kushoto, gusa kibandiko cha zamani cha mwanga, 232, 88, 72. Kimeingia Color 1.
- Chukua tena kidondoshea. Kwa kitufe cha kulia, gusa kibandiko kipya cha mwanga, 88, 168, 232. Kimeingia Color 2.
- Chukua raba. Shikilia kitufe cha kulia na uipitishe juu ya shati lote bila woga. Usilegeze kitufe katikati.

Mistari ya nje haitaguswa, mkono wa kijana hautaguswa. Pikseli ya mwanga iliyojificha chini ya kwapa, ambayo ndoo ya rangi ingeiacha, itageuka. Mara ya kwanza kijana mmoja alipoona hivi kwangu aliinuka kitini akaenda kumwita mwenzake.

Onyo: raba isipite juu ya vile vibandiko vya zamani. Ikipita, navyo vitageuka, na utakuwa umepoteza kumbukumbu yako.

7. Endelea na rangi ya katikati, kisha kivuli. Ni utaratibu ule ule, ila ikumbuke ile nyota ya daftarini. Ukifika kwenye kivuli, 112, 16, 40, raba usiipeleke kwenye kichwa cha punda, la sivyo hatamu nayo itakuwa buluu. Ukitaka iwe buluu, sawa, hiyo ni hiari yako. Tatizo ni pale inapogeuka nusu bila wewe kujua.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi, na huu hauonekani mpaka umeshanaswa. Tuseme unataka rangi mpya ya katikati iwe sawasawa na rangi ya zamani ya kivuli. Ukiigeuza ya katikati kwanza, sasa katikati na kivuli ni rangi moja, na Paint haina namna ya kujua ipi ilikuwa ipi. Ukipitisha raba ya kugeuza kivuli, zote mbili zinaenda pamoja. Dawa yake ni kituo cha njiani: igeuze kwanza rangi hiyo iwe waridi kali ambayo haipo popote kwenye picha, 255, 0, 255, maliza nyingine, kisha urudi uigeuze waridi iwe unayoitaka. Picha itatisha kwa dakika mbili. Ivumilie.

8. Ndoo itumie kwa nadra. Ndoo ya rangi inajaza eneo lenye rangi moja kamili, lililoungana kwa pande za pikseli. Pikseli mbili zinazogusana kwa pembe tu, kwake si jirani. Ndiyo maana shati lenye mikunjo linaachwa na visiwa. Inafaa kwa mchanga, bahari na anga. Kwa shati la pikseli kumi na tano, iache.

9. Mgeuze punda mwenyewe, ukitaka. Punda wote wanne wakiwa kijivu mchezaji atachanganyikiwa, kwa hiyo mimi humpa mmoja au wawili rangi ya kahawia: 184, 144, 104, kisha 136, 92, 60, kisha 84, 52, 44. Ukifanya kwa raba, ule mstari wa giza unaoshuka begani, na ule weupe wa mdomoni, vitabaki mahali pake. Ukifanya kwa mkono vitapotea, na mtoto yeyote wa hapa aliyekua akipishana na punda vichochoroni atakuambia huyo ni mbwa mwenye masikio marefu.

10. Rudi ukubwa wa kawaida uangalie. Bonyeza Ctrl na Page Down mpaka asilimia 100. Sogea nyuma kidogo, fumba macho nusu. Kama bado unaona bega na mgongo wa kijana, rangi zimekaa. Kama anaonekana kibonge kimoja, rangi zako mbili zimekaribiana mno. Rudi hatua ya 4, zishushe namba za kivuli.

11. Kata vibandiko, hifadhi. Urudishe ukingo wa turubai ulipokuwa, na usome ukubwa pale chini ya dirisha: lazima uwe 32 kwa 32, si 33. Pikseli moja ya ziada itamfanya punda aruke kila anapobadilisha hatua kwenye mchezo. Hifadhi kama PNG. Vibandiko ukivitaka kwa wapanda wengine, vinakili kwanza kwenye faili ya peke yake.

Mambo yakienda mrama

*Raba ya kulia haibadilishi chochote.* Mara nyingi Color 1 si rangi kamili iliyoko kwenye picha. 184, 40, 48 na 185, 40, 48 kwa jicho ni ndugu, kwa Paint ni watu wasiojuana. Nyonya upya kutoka kwenye picha yenyewe, usiamini kukumbuka. Kama rangi ni sahihi na bado haifanyi kazi, kitufe cha kulia ndicho kibovu, au toleo la Paint yako si hili. Hapo shika penseli ukamilishe pikseli moja moja. Kwa punda wa 32 kwa 32 ni kazi ya dakika kumi.

*Madoadoa, madoadoa, madoadoa.* Picha yako ni JPG, au iliwahi kuwa JPG. Mfumo huo hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukisia rangi zilizomo. Kwa picha ya harusi huoni tofauti. Kwa picha ya pikseli, shati la rangi tatu linakuwa na rangi arubaini, kila moja imepishana na jirani yake kidogo. Kuihifadhi upya kama PNG hakuponyi, kunahifadhi ugonjwa. Tafuta faili ya asili. Na kama umetumiwa na rafiki kwa WhatsApp, mwambie aitume kama hati, asiitume kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa njiani.

*Rangi imemwagika kila mahali.* Ulitumia ndoo, na shati lilikuwa na rangi moja na kitu kilicholigusa. Ctrl na Z, na urudi kwenye raba.

*Nyuma ya punda palikuwa wazi, sasa pana weupe.* Paint ya Windows 7 na 10 haihifadhi uwazi. Ukihifadhi, pale palipokuwa wazi panajazwa rangi. Njia ya wazee ni kuijaza nyuma yote kwa ile waridi ya 255, 0, 255, kisha kuiambia programu ya mchezo kwamba rangi hiyo isionyeshwe. Ukitaka tu kumbandika punda juu ya picha ya ufuo ndani ya Paint, weka waridi kwenye Color 2, washa Transparent selection chini ya kitufe cha kuchagua, mnakili punda, umbandike. Waridi haitamfuata.

*Nimeikuza picha ili niitume, kingo zimekuwa za ukungu.* Uliikuza kwa kiasi kisicho kamili, kama asilimia 150, na pikseli moja na nusu haichoreki. Kamilisha rangi kwanza kwenye ukubwa mdogo, kisha nakala ndiyo ikuzwe, kwa asilimia 200 au 400. Ikiwa bado ina ukungu, onyesha picha kwa asilimia 800 kwenye skrini, bonyeza Print Screen, bandika kwenye Paint mpya na ukate kingo. Si njia ya heshima, lakini pikseli zinabaki mraba.

*Mpanda wa manjano anaonekana mgonjwa.* Ni ile ya kivuli. Umeitia nyeusi.